Kiwanja cha Mama Sifa

Faida mwanangu,

Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kushoto, maana najua kesho asubuhi utavaa hivyo viatu vipya hata nikikukataza. Isome kabla hujatoka nyumbani. Jifungie bafuni, ndicho chumba pekee chenye kufuli humu ndani, na mtu akigonga mwambie asubiri. Mama Sifa anakuja saa mbili kukusindikiza uwanja wa ndege. Nataka akikukumbatia uwe unajua ni nani anayekukumbatia.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utaisoma polepole, midomo ikicheza, kama unavyosoma matangazo ya kanisani. Vizuri sana! Maisha yako yote mimi naongea Kiswahili wewe unajibu Kiingereza, na ukikasirika unahamia Kizulu ili nikose la kusema. Sasa unakwenda Tanzania, na hicho Kiswahili chako cha Jeppestown, cha hapa Johannesburg, watakicheka mpaka ukome. Bora uanze mazoezi na mimi.

Mambo ya chandarua, dawa ya malaria na mtu wa kukupokea yamo kwenye karatasi nyingine juu ya begi. Hapa sitayagusa. Hapa nataka kukueleza kwa nini nilinyamaza.

Wiki mbili zilizopita ulileta fomu ya kazi yako mpya, ukaitandaza kwenye meza yangu ya kushonea, juu ya sare za watoto wa watu, ukaanza kunieleza kwa furaha. Mgodi wa dhahabu, upande wa Ziwa. Barabara mpya ya malori ya mgodi itapita palipo na nyumba za wachimbaji wadogo, na wewe na kipimo chako mtakwenda nyumba kwa nyumba mkiandika: mkuu wa kaya ni nani, kiwanja kina ukubwa gani, vyumba vingapi, miti mingapi, makaburi mangapi. Kutokana na fomu hiyo itajulikana nani anapewa kiwanja kipya na nani hapewi kitu. Mimi nikachukua mkasi, nikaendelea kukata kitambaa. Ukaniambia, kwa Kiingereza chako, kwamba tangu uzaliwe sijawahi kufurahia kitu chako hata kimoja. Halafu ukaubamiza mlango mpaka jirani akagonga ukuta.

Eish, mtoto una hasira wewe. Umezitoa kwangu, sikatai. Lakini hukunielewa. Nilifurahi mno! Mtoto wa mshona sare, mtoto wa mkimbizi, amesomea upimaji wa ardhi pale Doornfontein, anaitwa kazini nchi nyingine kwa jina lake mwenyewe. Kanisani nimejigamba mpaka watu wananikwepa. Kilichonifunga mdomo ni ile fomu. Niliitambua. Kabla hujazaliwa niliandika karatasi za namna hiyo kwa vidole hivi kumi, na kwa mojawapo nilimtoa mtu nyumbani kwake.

Unajua kwamba nilikuwa mpiga chapa kwenye kambi ya dhahabu kule Kivu. Hilo nimekueleza mara elfu, jinsi nilivyokuwa naandika bila kutazama vidole na mashine ikilia ofisi nzima. Sijakueleza nilichokuwa naandika, wala kwa nini niliitaka sana kazi ile.

Nilikuwa na miaka minane au tisa kampuni ilipopanua barabara ya kambi. Walikuja asubuhi, watu wanne, na kamba na ndoo ya chokaa. Wakavuta kamba, wakamwaga chokaa, na ule mstari mweupe ukapita katikati ya jiko letu. Si karibu na jiko, Faida, katikati. Mafiga yalikuwa upande mmoja, mtungi wa maji upande wa pili. Mama yangu alikuwa anasonga ugali. Hakusimama. Kapita, msimamizi wao, akamwambia, "Mama, hapa pataondoka kesho." Mama akamjibu, "Kesho ni kesho, leo watoto wanakula." Baba akawa anasifu eti barabara itakuwa nzuri, malori mawili yatapishana. Kesho yake jiko likavunjwa, na kwa miezi mitatu tukapikia mvuani chini ya bati lililoegemezwa ukutani.

Siku ile sikumwonea mama huruma sana. Nakwambia ukweli. Niliwaangalia wale watu wa kamba, nguo zao safi, nikasema nikikua nitakuwa upande wa hao. Sitakuwa mtu wa kupitiwa na chokaa. Ndiyo maana nilisoma kama mwehu. Wenzangu waliolewa, mimi nikabaki shule ya masista nikijifunza mashine ya chapa, mpaka kampuni ikanichukua ofisi ya kambi. Ofisi hiyo ndiyo iliyogawa nyumba na viwanja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika upya Kanuni za Kambi, kwa sababu nakala ya zamani ililiwa na mchwa. Wabelgiji ndio waliozitunga, zamani za ukoloni. Wakaondoka, kanuni zikabaki. Shefu wa kambi, mwenzetu kabisa, mtu wa kijiji cha pili kutoka kwetu, akaniambia, "Juu hapo palipoandikwa koloni, weka jamhuri. Mengine usiguse." Basi nikabadilisha neno moja, na vifungu arobaini na kimoja nikavinakili jinsi vilivyokuwa.

Nilivijua vyote kwa moyo. Kiwanja kiwe hatua kumi na mbili kwa kumi na tano. Uzio marufuku. Mahindi ruhusa, maharagwe ruhusa, lakini mgomba marufuku, parachichi marufuku, kila kinachoishi zaidi ya msimu mmoja marufuku, maana mtu akishapanda mgomba ataanza kusema hapa ni kwangu. Mlango wa nyumba usitazame barabara kuu. Mama asiuze kitu ndani ya hatua ishirini kutoka barabarani. Mgeni wa zaidi ya siku tatu aandikishwe. Hakuna kuzika kambini, makaburi ni ng'ambo ya mto. Kampuni ikitaka kuchimba chini ya nyumba itoe notisi ya siku nane. Na mfanyakazi akifa, familia yake ihame ndani ya siku thelathini.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata huku ilikuwa hivyo. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, tumebeba sare tunapeleka mjini, nikalalamika kwamba katika mji huu huwezi kutembea, hatua chache tu, kona na robot nyingine, zile taa za barabarani. Ukacheka, ukanieleza kwamba Johannesburg ilipimwa kama kambi ya dhahabu. Waliopima walidhani dhahabu itakwisha na watu watajiendea zao, na kwa vile kiwanja cha kona kilikodishwa kwa bei nzuri zaidi, wakafanya mitaa mifupi ili kona ziwe nyingi. Nilicheka hadi mifuko ikaanguka. Usiku huo sikulala vizuri, nawe ukadhani ni miguu.

Sasa Mama Sifa. Kwako wewe ni bibi wa Doornfontein aliyekusuka nywele toka hujui kukaa kimya. Mimi nilimjua akiwa msichana mwenye mwendo wa haraka, anafua mashuka ya hospitali ya kampuni. Mume wake alikuwa mchimbaji, mtu mpole, vumbi la chini likamla kifua. Walikaa nyumba namba hamsini na nne. Sifa alikuwa na miaka mitatu baba yake alipofariki.

Wakati huo mimi na baba yako tulikuwa tumechumbiana mwaka wa pili ukienda wa tatu. Mahari imekwisha, wazee wamekunywa, kila kitu sharp. Tulikosa nyumba tu. Baba yako alikuwa fundi umeme, na fundi asiye na mke alilala bweni, na kuoa bila nyumba ya kambi hakuruhusiwi. Tulikuwa kwenye orodha. Orodha nikiiandika mimi mwenyewe kila mwezi, na kila mwezi naliona jina letu likipanda ngazi moja.

Wiki moja baada ya msiba shefu akaniita. "Andika ile barua ya siku thelathini."

"Ya Mama Sifa?"

"Ya namba hamsini na nne," akasema. Halafu akatabasamu. "Kwani hujaangalia orodha? Mnaofuata ni ninyi."

Nikarudi kwenye mashine. Faida, hapa ndipo nataka usome polepole zaidi. Kulikuwa na kifungu cha kumi na tisa. Kilisema mjane mwenye namba yake mwenyewe ya kazi katika kampuni ataandikwa mkuu wa nyumba mahali pa marehemu, na kiwanja kitabaki kwake. Sijui Wabelgiji walikiweka kwa ajili ya nani, pengine wauguzi wao. Hakuna aliyekitumia, kwa kuwa wanawake wenye namba walihesabika kwa vidole. Mama Sifa alikuwa mmoja wao. Orodha ya wafuaji niliiandika mimi. Shefu hakukikumbuka kifungu, alikuwa mtu wa kupiga mihuri. Mimi nilikikumbuka kabla sijatia karatasi kwenye mashine.

Nikaiandika barua ya siku thelathini. Haikuwa na kosa hata la nukta.

Siku mbili baadaye Mama Sifa akaja ofisini, barua mkononi, mtoto mgongoni. Hakujua Kifaransa. Akaniambia, "Dada, nisomee." Nikamsomea. Akauliza, "Hakuna njia?" Nami nikamtazama usoni, mama yako huyu unayemwona akiongoza maombi ya wanawake, nikamwambia, "Hakuna, dada. Ndiyo sheria." Akanishukuru kwa kumsomea.

Akahama. Akaenda nje ya kizuizi cha kambi, kwenye vibanda, akiuza mihogo ya kukaanga hatua ishirini kutoka barabarani. Kazi ya kufua ikamshinda, maana asiye na nyumba ya kambi alipitishwa kizuizini akicheleweshwa mpaka king'ora kimelia. Mimi nikaolewa. Tulikaa namba hamsini na nne miaka tisa. Baba yako akaipaka chokaa nyumba nzima kwa mikono yake, na nilikuwa na raha, sitakudanganya kwamba nilikuwa nalia kila siku. Nilijisemea kwamba mimi sikutunga kanuni. Nilijisemea kwamba shefu angemtoa tu kwa njia nyingine. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, na hakuna hata moja nililowahi kumwambia mtu kwa sauti. Baba yako alifariki bila kujua.

Halafu vita. Wenye nyumba na wasio na nyumba wote tukakimbia, na kampuni ikaanguka na kanuni zake. Baba yako akafia njiani kwa homa, hilo unalijua. Nikafika Johannesburg na wewe mgongoni, miezi saba, unakohoa. Siku ya kwanza ya kupanga mstari wa karatasi za ukimbizi nilifika alfajiri nikakuta mstari umezunguka jengo mara mbili. Nikasimama nyuma kabisa. Mara nasikia mtu anapaza sauti jina langu, jina langu la nyumbani, ambalo hapa hakuna aliyelijua. Mama Sifa! Alikuwa mbele, watu kumi tu wamebaki. Akaja akikimbia, akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele, akamwambia mlinzi, "Huyu dada yangu, ana mtoto mchanga." Mlinzi akasema basi mmoja wenu, siyo wawili. Akanisukuma mimi ndani. Yeye akarudi nyuma ya mstari wote.

Nililia, na watu wakadhani ni furaha.

Tangu hapo unajua mwenyewe. Nani alikulea nikiwa nashona kule kiwandani mpaka jioni? Nani alikuja shuleni ulipompiga yule mtoto kwa rula? Sifa akaolewa Durban, na Mama Sifa akabaki na wewe. Kila alipokupa chakula mimi nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Ukaanza shule, ukamaliza shule, ukaingia chuo, na hiyo wiki ijayo haikufika. Nimekuwa mtu jasiri kwa kila kitu katika mji huu. Mwenye jengo nimemfokea mbele ya polisi, wezi nimewakimbiza na mkasi. Kwa huyu mama mmoja nilikuwa mwoga miaka yote hiyo.

Ile fomu yako ndiyo iliyonitoa uoga. Niliona ninakutuma ukashike kazi yangu ya zamani bila kukuambia jinsi nilivyoiharibu. Na nikaona haifai wewe ujue kabla yake. Kwa hiyo leo mchana, ulipokwenda kuaga marafiki zako, mimi nilikwenda Doornfontein.

Nilimkuta anachambua majani ya sombe, kisamvu cha huko unakokwenda. Ni ya kwako, anakupikia ule asubuhi kabla ya safari, na usithubutu kusema unapunguza uzito. Nilikaa kwenye kitanda. Nikasema, "Mama Sifa, njia ilikuwepo."

"Njia ya nini?"

"Ya nyumba. Siku ile ofisini uliponiuliza. Kulikuwa na kifungu kinachokupa nyumba, kwa sababu ulikuwa na namba yako ya kazi. Nilikijua. Nikakuambia hakuna."

Akaendelea kuchambua majani. Baadaye akasema, "Ulikuja kukijua baadaye."

"Hapana. Nilikijua siku ile ile."

"Labda ulisahau kidogo."

"Sikusahau, dada. Sisi ndio tuliokuwa tunafuata kwenye orodha. Niliitaka nyumba."

Ameniwekea njia mbili za kutokea, unaona? Alikuwa ananisaidia hata hapo. Akanawa mikono, akaikausha kwenye kitenge taratibu. Nilikuwa tayari anifukuze. Nilikuwa tayari hata anipige. Akauliza, "Nyuma ya jiko mlifanya nini?"

Sikuelewa. "Nyuma ya jiko wapi?"

"Kwenye kile kiwanja. Nyuma ya jiko, upande wa ukuta. Mlichimba?"

"Nilipanda maharagwe."

"Ulichimba chini sana?"

"Hapana. Kijembe kidogo tu. Ni maharagwe."

Akakaa chini, mwanangu, kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kulia bila sauti. Ndipo akanieleza. Baada ya Sifa alizaa mtoto wa kiume. Aliishi siku nne. Ilikuwa mvua kubwa, mto umejaa, na makaburi ya kampuni yalikuwa ng'ambo. Hata kama mto usingejaa, kwetu mtoto mchanga hapelekwi mbali na mama yake, analazwa karibu na nyumba, mama aendelee kusikia mahali alipo. Wewe hukukulia huko lakini ndivyo tulivyo. Kanuni ilikataza. Shefu angejua wangepoteza nyumba siku hiyo hiyo. Kwa hiyo baba Sifa alichimba nyuma ya jiko, wakamlaza, wakasawazisha udongo, na wakasema mtoto amepelekwa kijijini kwa bibi na amefia huko. Hawakuweka hata jiwe.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza kama kuna njia," Mama Sifa akaniambia, "sikuwa nauliza habari ya nyumba."

Nimeishi miaka tisa pale. Nimesimama pale kila asubuhi nikimwaga maji. Maharagwe yale yalizaa sana na nilimgawia kila jirani.

Hakuniambia amenisamehe. Nami sikumwomba aseme, ingekuwa kumdai tena kitu. Tulikaa. Nikamsaidia kumalizia majani. Nilipoinuka akasema, "Kesho saa mbili nakuja. Mtoto hana kosa." Na hapo mlangoni akaniambia nikuambie yote, nisibakize.

Basi umeyapata yote.

Sasa nisikilize, mpimaji. Sikuambii uache kazi. Nenda! Mtu atakwenda na kile kipimo, na mimi ningependa awe wewe kuliko yeyote ninayemjua. Lakini ukifika kwenye nyumba ya kwanza, kipimo kiache kwenye mfuko. Kaa. Ukipewa chai kunywa, ukipewa uji kunywa. Fomu yako ina mstari wa makaburi na watu watakuambia hakuna. Pengine walizika mahali walipokatazwa, pengine mtoto hakuwahi kuandikishwa, pengine mume ndiye anayejibu na mke amesimama nyuma anatazama chini. Ukiwaona wanatazama chini, rudi siku nyingine bila fomu. Uliza tena, uliza wanawake peke yao. Utachelewa, na mkubwa wako atapiga simu. Mwache apige.

Na kanuni watakazokupa, zisome mpaka kifungu cha mwisho, hata vile vidogo vya nyuma ambavyo hakuna anayevigusa. Humo ndani kutakuwa na kimoja kinachompa mtu kitu. Siku zote kinakuwemo, nimeandika kanuni nyingi najua. Huyo mtu hatakijua. Wewe utakijua. Na siku ya kukitaja itakuwa siku mbaya kwako: utakuwa umechoka, au bosi anataka orodha ifungwe, au kuna kitu chako mwenyewe kinategemea unyamaze. Mimi sikuwa mtu mbaya asubuhi ile, Faida. Nilikuwa msichana mzuri tu, anapendwa, anataka kuolewa.

Sina wasiwasi na wewe, nakuambia kweli. Mimi nilikuwa mtu wa kutaka kupendwa na ofisi. Wewe hujawahi kupendwa na ofisi yoyote! Ulimwambia mwalimu mkuu amekosea mbele ya wazazi wote. Ulipima upya hiki chumba ukamwonyesha mwenye jengo kwamba ni kidogo kuliko alivyoandika kwenye mkataba, na yale masharti yake aliyobandika mlangoni ukayasoma mpaka chini ukampata na kosa. Nilikugombeza siku ile kwa sababu niliogopa tutafukuzwa. Nilikosea kukugombeza. Hiyo hasira ya kubamiza milango, nenda nayo, ipakie juu kabisa ya begi.

Usinijibu kwa simu. Ukinijibu kwa simu nitaanza kuuliza umekula nini na tutakwepa. Niandikie, hata ukurasa mmoja, hata Kiswahili chako kikiwa kimepinda. Kama umenikasirikia, andika hivyo. Nitaweza.

Limebaki jambo moja, na ndilo Mama Sifa aliloniomba. Nilimwuliza jina la mtoto. Akasema halijawahi kuandikwa mahali popote. Siku nne hazikutosha kwenda kumwandikisha, na baadaye wangeuliza amezikwa wapi. Baba Sifa alipofariki akabaki yeye peke yake duniani anayelijua, na kwa miaka yote hii hajasikia mtu mwingine akilitamka. Mimi nimeandika majina ya watu wote wa kambi ile, walioingia na waliotoka, wachimbaji, wapishi, mpaka mbwa wa shefu. Leo nimeandika la huyu.

Anaitwa Heri. Ni mtoto wa Mama Sifa, aliishi siku nne, na amelala nyuma ya jiko, namba hamsini na nne.

Kesho Mama Sifa akifika, mpokee vyombo vya sombe, mwamkie vizuri, halafu mwulize habari za Heri. Mtaje kwa jina, amsikie.

Mama yako